Ufukweni kwa Koti

 

Leo naomba nianze na swali. Ukisikia watu wamekwenda ufukweni, unapata picha gani? Bila shaka ni jua, muziki, mishkaki, madafu, na shoga mmoja anayejipiga picha mia ili apate moja tu ya kuwarushia watu. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Kwangu bila jua hakuna ufukwe. Mpaka Jumamosi moja mwishoni mwa Januari 2025, nilipojikuta pwani ya Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, nimevaa koti zito, skafu, glavu na soksi jozi mbili, pua inachuruzika kama ya mtoto wa chekechea, na mbele yangu kuna bahari ambayo hata haikuwepo. Ndiyo, haikuwepo. Subiri nitakueleza.

Lakini niseme mapema: sijawahi kuwa na mtoko mzuri kama ule tangu niolewe. Mume wangu akisoma hapa asinune, maana yeye ndiye aliyenisukuma niende.

Tulikotoka

Nina shoga yangu ambaye sitamtaja jina, mwenyewe kaniomba. Tulikutana chuo kikuu mwaka wa kwanza. Vyumba vya bwenini vilikuwa haba, basi aliyepata chumba anambeba aliyekosa. Yeye alipata, mimi nikakosa, akanibeba. Miezi minane tulilala kitanda kimoja chembamba, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Ukishalala na miguu ya mtu usoni kwa miezi minane, huyo si rafiki tena, ni ndugu. Tuligawana khanga, chipsi mayai, noti za darasani na siri. Na wote wawili tulisomea mawasiliano. Shahada ya mawasiliano, msomaji! Ikumbuke hiyo, maana mbele utakuja kunicheka.

Mwaka 2016 akaolewa na kaka mmoja wa Bukavu aliyekuwa akiishi Paris, akahamia huko. Tukaendelea na simu na meseji. Picha zake zilikuwa bomba: mnara wa Eiffel, makoti ya maana, mtoto mzuri kwenye kigari. Alituambia anafanya kazi hotelini, yuko upande wa uongozi. Tukafurahi, na tukamwonea wivu kidogo, si unajua tena.

Agosti 2021 mama yangu akafariki.

Waliokuja wote nawakumbuka. Wenzetu wa chuo walitoka Mwanza, Arusha, mmoja hata alitoka Nairobi na vipimo vyote vya korona. Yeye hakuja. Hakupiga simu. Ilikuja meseji ya mistari miwili ya pole, na Euro 100. Mimi, nikiwa na machungu yangu, usiku wa tatu baada ya mazishi nikafungua grupu letu la WhatsApp la wahitimu, nikaandika: "Wengine wakishavuka maji, hata msiba wa mama unakuwa meseji." Sikumtaja. Lakini aliyevuka maji ni mmoja tu, na grupu lina watu sitini na kitu. Usiku ule ule akajitoa.

Basi ikawa imekwisha. Miaka zaidi ya mitatu tukabaki na "heri ya siku ya kuzaliwa" na "asante". Mtu akiniuliza habari zake nasema, "Yupo, mambo yake safi."

Halafu Januari 2025 nikapata nafasi ya mafunzo ya wiki moja Paris. Nilipanga nisimwambie. Mume wangu akanikazia macho, akasema, "Mke wangu, utakwenda mji anaokaa shoga yako na utarudi bila kumwona? Kamsikilize kwanza. Ukishamsikiliza, kama ni kununa utanuna kwa haki." Nikamtumia meseji kavu kwamba nitakuwepo. Jibu lake lilikuwa fupi: "Jumamosi usipange kitu. Njoo na koti."

Saa 2 asubuhi, giza

Tulikutana kituo cha treni cha Saint-Lazare saa 2 asubuhi, na nje bado gizagiza, maana majira hayo jua la huko linachomoza karibu saa 2 na nusu. Tulikuwa watu wanne: shoga yangu, mumewe ambaye kwangu ni shemeji, kaka mmoja kijana wa Mombasa anayesoma huko, na mimi. Mtoto wao walimwacha kwa jirani. Tukakumbatiana ile ya kugusana mabega tu. Nikasema kimoyomoyo, hii siku itakuwa ndefu.

Shemeji alikuwa amebeba chupa ya chai ya tangawizi na maandazi aliyokaanga mwenyewe. Ndani ya treni yeye na kaka wa Mombasa ndio walioongea, na Kiswahili chao peke yake kilikuwa burudani. Shemeji anasema "fasi" tunaposema mahali, kaka wa Mombasa anamjibu kwa lafudhi ya Mji wa Kale, wanabishana nani hasa anaongea Kiswahili. Sisi wawili tuliosoma mawasiliano tulitazama dirishani. Ukungu, ng'ombe, miti ya matofaa isiyo na jani hata moja. Normandy ndiko nyumbani kwa matofaa ya Ufaransa. Ndiyo yanayotengenezea saida, na pombe kali inayoitwa calvados.

Baada ya saa mbili na ushee tukashuka. Kituo ni kimoja lakini miji ni miwili, Trouville na Deauville, na katikati yake unapita mto mdogo uitwao Touques. Wenyewe wanataniana kama Simba na Yanga. Trouville ni mkubwa kwa umri: kilikuwa kijiji cha wavuvi, wachoraji wakakigundua katika karne ya 19, kisha matajiri wa Paris wakafuata. Deauville ulijengwa kuanzia miaka ya 1860 kwenye eneo la kinamasi, kwa mpango wa Duke wa Morny, ndugu wa kambo wa mfalme Napoleon III. Reli ilipofika mwaka 1863, watu wa Paris wakawa na pwani yao. Na wapenda mitindo mjue hili: Coco Chanel alifungua duka Deauville mwaka 1913, akawavalisha wanawake wa kitajiri vitambaa laini vya kuvutika vilivyokuwa vya nguo za ndani za wanaume, na mitindo iliyofanana na mavazi ya mabaharia.

Wakati wa kiangazi, anasema shoga yangu, hapa hapakanyagiki. Siku ile palikuwa petu. Nyuzijoto 5, upepo unakata kama wembe, maduka mengine yamefungwa, na mbwa wengi kuliko watu.

Bahari imekwenda wapi?

Tukaanzia ufukwe wa Trouville. Nikapanda ngazi kwa hamu, nikatazama, nikaona mchanga. Mchanga mwingine. Mchanga tena. Maji yako kule, mstari wa kijivu karibu na upeo.

"Sasa bahari imeenda fasi gani?" shemeji akauliza, na hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza.

Kaka wa Mombasa akatuwekea darasa. "Maji yamekupwa, jamani! Na leo hata bamvua bado." Akaeleza kwamba kwetu, Mombasa au Dar, maji ya bamvua yanapanda na kushuka mita tatu na kitu, lakini pwani hii tofauti inaweza kufika mita 7. Sababu ni kwamba kati ya Ufaransa na Uingereza ni mlango mwembamba wa bahari wenye kina kifupi. Wimbi la kujaa linalotoka Atlantiki likiingia humo linabanwa, linapanda. Baada ya saa kama sita linarudi lilikotoka. Kwa siku linakwenda na kurudi mara mbili. Akamaliza, "Kwa hiyo msihuzunike. Jioni yatakuwa hapa hapa mlipo."

Tukatembea kwenye mchanga mgumu mpaka jengo kubwa la zamani lililokuwa hoteli, Roches Noires. Shoga yangu ndiye aliyetuambia kwamba Claude Monet, yule mchoraji, alilichora mwaka 1870. Alikuja Trouville kiangazi kile akiwa ametoka kufunga ndoa na Camille mwezi Juni. Picha nyingine aliyoichora hapa ipo National Gallery kule London, na wataalamu waliikuta na chembe za mchanga zimeganda ndani ya rangi, yaani kweli aliichorea ufukweni upepo ukipuliza. "Nilimpeleka mtoto na wanafunzi wenzake London kwa basi," akasema, "nikaiona kwa macho yangu. Wanawake wawili wamekaa ufukweni, katikati yao kuna kiti kitupu. Nikasimama pale mpaka mwalimu akaja kuniita."

Sikumjibu. Lakini nilisikia.

Mfalme wa keki

Njaa ikatukamata. Kando ya mto, upande wa Trouville, kuna soko la samaki, na wavuvi wanafunga boti zao mbele yake. Hapo unachagua, unakaa kwenye vimeza vya nje, unakula. Shemeji akaagiza chaza, kamba wadogo wa kijivu, konokono wa baharini wa kuchemsha na kombe, wale ambao Wafaransa wanawaita Saint-Jacques. Hao wanavuliwa kuanzia Oktoba mpaka katikati ya Mei tu, kwa hiyo anayekuja kiangazi kwa ajili ya jua hawapati wabichi. Chaza mbichi nilijaribu mmoja. Ni kama kumeza bahari yenyewe. Wa pili nilimpa kaka wa Mombasa.

Kisha ikaja keki. Huko Januari yote maduka ya mikate yanauza keki ya wafalme, ya kukumbuka mamajusi walioenda kumwona mtoto Yesu. Ni mkate wa tabaka tabaka, ndani una lozi za kusagwa. Katika keki kunafichwa kisanamu kidogo cha kauri. Mdogo kuliko wote anaingia chini ya meza, asione, na ndiye anayetaja kila kipande ni cha nani. Atakayekuta kisanamu anavishwa taji la karatasi. Kaka wa Mombasa kwa umri wake akakataa kuingia chini ya meza, akageuka tu akatazama mto.

Nikwambie ukweli, nilitamani kisanamu kile. Shemeji alikuwa ametunga sheria yake kwamba atakayevaa taji ana haki ya kuuliza swali moja na lazima ajibiwe kweli. Mimi nilikuwa na swali langu tangu 2021. Nililipanga kwenye ndege, nikalirudia hotelini mbele ya kioo: kwa nini hukuja kumzika mama?

Nikang'ata, ni lozi tupu. Nikang'ata tena, lozi. Mara nikasikia kitu kimegonga jino upande wa pili wa meza. Shoga yangu akakitoa mdomoni, akakiweka kwenye kisahani. Mumewe akamvisha taji. Akanitazama, taji limekaa upande juu ya kofia ya sufu, akasema taratibu:

"Mimi ndiye mwenye swali. Yale maneno uliyoandika kwenye grupu, uliniuliza kwanza?"

Msomaji, nina shahada ya mawasiliano. Nimeandika makala sijui ngapi kwenye ukurasa huu kuwafundisha ninyi na wapenzi wenu kuulizana na kusikilizana. Nikafungua mdomo, sikupata neno. Jibu lilikuwa moja tu, nalo ni hapana. Sikumuuliza.

Shemeji akainuka, akamshika mkono kaka wa Mombasa. "Sisi tunatangulia," akasema. Wakavuka daraja kwenda Deauville na kutuacha.

Kwenye mbao

Nasi tukavuka baadaye, polepole. Ufukwe wa Deauville una njia ya mbao ndefu, zaidi ya mita 600, wanaiita Les Planches, tangu mwaka 1923. Mbao zake ni za azobé, mti mgumu wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Pembeni kuna vibanda vya kubadilishia nguo, na kwenye vizuizi vyake yameandikwa majina ya nyota wa sinema waliohudhuria tamasha la filamu za Kimarekani, lililoanza mwaka 1975. Ndipo hapa pia Claude Lelouch alipopigia filamu yake ya mwaka 1966, Un homme et une femme, iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes na kisha Oscar ya filamu bora ya kigeni. Inahusu mwanamume na mwanamke waliofiwa na wenzi wao, wanapendana, lakini wafu wao wamesimama katikati. Nyingi ya sehemu zake za ufukweni ni za siku za baridi kama ile yetu.

Tulipita majina yale yote bila kuyasoma. Alikuwa anaongea, na mimi nasikiliza.

Mwaka 2021 kibali chake cha ukaazi kilikuwa kimeisha muda, ombi la kukihuisha limekwama, na hakuwa na karatasi yoyote ya muda mkononi. Akitoka, hakuwa na uhakika wa kurudi kwa mume na mtoto wa miaka mitatu. Kazi ya hotelini ilikuwa ya kusafisha vyumba, si uongozi, na korona ilikuwa imeifagia. Ile Euro 100 alikopa kwa jirani. Kupiga simu alijaribu mara mbili, kila akisikia inaita anakata, kwa sababu angeulizwa "unakuja lini?" na angelazimika kusema yote, na yote hayo alikuwa amewaficha hata wazazi wake.

"Ungeniambia mimi," nikasema. "Mimi ungeniambia."

"Nilikuwa najiandaa kukuambia. Nikafungua simu, nikakuta ulishanihukumu mbele ya watu sitini."

Tukatembea kidogo. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

"Mazishi niliyaona. Binamu yako alikuwa anayarusha moja kwa moja. Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu ili mtoto asinione nikilia. Nilikuona. Ulitupa udongo kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umemshika shangazi yako asianguke."

Ni kweli. Ilikuwa hivyo. Jambo hilo hata mimi nilikuwa nimelisahau, na hakuna aliyewahi kulitaja. Nikasimama pale pale kwenye mbao nikalia kwa sauti, na upepo ule wa Januari ukanikaushia machozi kabla hayajafika kidevuni.

Nikamwomba msamaha. Bila "lakini", bila "si unajua nilikuwa na msiba". Nilisema tu: nilikosea, nilikuhukumu bila kukuuliza, tena hadharani, nisamehe. Naye akasema na yeye ana lake: alitudanganya kwa picha, akatufanya tuamini hana shida, halafu akakasirika hatukuiona shida yake. "Nani angejua?" akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa naziangalia zile picha naona naendelea vizuri."

Tulipogeuka kurudi, bahari ilikuwa imekuja. Kweli kabisa, kama kijana alivyosema. Pale tulipopita mchana kwa viatu vikavu palikuwa maji tupu, yananguruma. Jua likazama kabla ya saa 12, jekundu, dogo, kwa dakika chache tu, kama limekuja kusalimia. Wanaume walikuwa wanatusubiri kituoni na chipsi za moto kwenye karatasi. Shemeji alituangalia usoni mmoja mmoja, akatugawia chipsi, hakuuliza kitu.

Deni la hadharani

Ndani ya treni ya kurudi nikafungua grupu. Nilichokosea mbele ya watu sitini na kitu nisingekirekebisha kwa kunong'ona sikioni kwa mtu mmoja. Nikaandika kwamba maneno yangu ya Agosti 2021 hayakuwa ya haki, kwamba niliyemlenga alikuwa na sababu ambazo sikuziuliza na si zangu kuzieleza, na kwamba ninamwomba radhi mbele yao wote. Nikamwonyesha kabla sijatuma. Akaisoma, akafuta neno moja, akanirudishia simu.

Hakurudi kwenye grupu usiku ule, kama ulitarajia mwisho wa filamu. Alirudi wiki ya pili, asubuhi, akaandika, "Habari zenu." Basi. Watu wakamjibu kama vile alikwenda sokoni.

Nilichokileta nyumbani

Sasa, msomaji, sikwambii ukate tiketi ya Ufaransa. Viza yenyewe unaijua. Ninachosema ni kwamba marafiki wengi tunakutana nao msimu wa jua tu: harusi, bethidei, muziki mkubwa, kila mtu kapendeza. Ni raha, sikatai. Lakini kwenye muziki mkubwa nani atamwambia mwenzake kwamba kibali kimeisha, kazi imekwenda, ndoa inayumba? Ufukwe ule wa baridi haukuwa na kitu cha kutuzuga. Hakuna aliyependeza, hakuna aliyetaka picha, simu zenyewe zilikaa mfukoni kwa sababu vidole vilikuwa vimeganda. Kilichobaki ni kutembea na kuongea.

Kwa hiyo nakuachia haya machache.

La kwanza, uliza kabla ya kuhukumu. Swali la "kuna nini?" ni la sekunde mbili. Kutolijua jibu lake kulinigharimu miaka mitatu na ushee.

La pili, ukimkosea mtu hadharani, msamaha pia uende hadharani. Na usimwanike siri zake ili wewe uonekane mwema.

La tatu, ni kwa wenye wapenzi. Waume zetu wawili walifanya kazi kubwa siku ile kwa kufanya kidogo sana. Wangu alinisukuma niende. Wa kwake alijua kila kitu miaka yote, hakuropoka, na muda ulipofika akainuka mezani akatuachia nafasi. Ukiwa na mwenzi wa namna hiyo mpikie.

La nne, chagueni mtoko usio na makelele. Nenda naye Bagamoyo wakati wa masika, watu wakiwa wamekimbia mvua. Nendeni Lushoto Julai mkatetemeke kidogo. Tembeeni bega kwa bega, maana mengine ni rahisi kuyasema mkiwa mnatazama mbele kuliko mkiwa mnatazamana usoni. Chukueni chai kwenye chupa.

La tano, kama rafiki yako yuko nje, usimsome kwa picha anazorusha. Mpigie siku ya kawaida, Jumanne hivi, bila sababu. Na wewe uliye nje unayesoma hapa, sisi huku nyumbani si mahakama. Tuambie.

Kisanamu cha ile keki ninacho mezani kwangu hapa ofisini. Ni kidogo kuliko kifuniko cha soda, kina umbo la mashua. Shoga yangu alinisukumia mfukoni kituoni, dakika ya mwisho, akaniambia, "Mwakani wewe ndiye utauliza."

Nimeshaanza kuweka hela ya tiketi.

Tukutane mwezi ujao, mpenzi msomaji. Na kama kuna mtu umemkumbuka ukisoma hapa, usisubiri mpaka ufike ukurasa wa mwisho.

Mhariri wako